Risasi ya Sheshe

Mvua za masika zikimwagika juu ya Udzungwa na Mahenge, Bonde la Kilombero hugeuka ziwa lisilo na kina. Sheshe husogea kandokando, kwenye ardhi iliyoinuka karibu na miombo, na mtu wa Ifakara hupita kwa mtumbwi mahali ambapo baadaye mwaka huohuo atapita kwa baiskeli. Maji yakirudi mtoni, nyasi hubaki zimesimama, ndefu kuliko mtu mrefu. Kisha moto unapita, majani mabichi yanachipua juu ya jivu, na sheshe wanarudi katikati ya uwanda, na rangi yao ya dhahabu inaonekana kutoka mbali.

Kwa anayewinda kwa leseni, msimu unapofunguliwa Julai, mabadiliko hayo yote ni hesabu ya umbali. Kwenye nyasi ambazo hazijaungua atamwona mnyama akiwa mita 40, pengine 30, tena atamwona vipandevipande: sikio, mgongo, ncha ya pembe. Kwenye uwanda uliokwisha kuungua atamwona mzima akiwa mita 150 au 200, na mnyama naye atakuwa amekwisha kumwona zamani. Bunduki ni ileile na risasi ni ileile. Wanaobishana juu ya risasi ipi ni bora huanza na kabati la silaha. Mimi naona waanze na nyasi.

Ubishi wenyewe ni wa zamani, na kitovu chake ni Marekani, kwa mnyama tusiyekuwa naye huku: elki, mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake hufika kilo 300 na kuzidi. Kwa miongo mingi waandishi wawili wa mambo ya bunduki walivutana juu yake. Jack O'Connor aliitetea .270 Winchester, risasi iliyotoka mwaka 1925, yenye kichwa chepesi cha gramu 8.4 kinachokwenda kasi sana na kushuka kidogo njiani. Elmer Keith alitaka kichwa kizito, kinene, cha gramu 16 na kuendelea, kiende polepole kama kinavyopenda mradi kikifika kivunje mfupa na kutokea upande wa pili. Wafuasi wao bado wanagombana ingawa wenyewe wamekwisha kufa, O'Connor mwaka 1978 na Keith mwaka 1984.

Ukiwasoma bila ushabiki unaona kwamba hawakuwa wakizungumzia risasi peke yake. O'Connor alimfikiria mwindaji mtulivu mlimani, ambaye mnyama kasimama wazi na amempa ubavu. Keith aliifikiria jioni ya mwisho ya safari, msitu umefunga, elki ameshageuza mgongo, na mtu aliyetumia akiba yake ya mwaka mzima hataki kurudi mikono mitupu. Mmoja aliipima risasi kwa siku njema, mwenzake kwa siku mbaya. Mimi katika hilo ningekuwa upande wa O'Connor kwa sababu moja tu: siku mbaya ina dawa nyingine, nayo ni kutofyatua.

Bondeni Kilombero elki hana mfano wake mmoja. Kwa uzito anayemkaribia ni kuro, ambaye dume lake lina kilo kama 250, au palahala wa kwenye miombo, aliye mwepesi kidogo. Pofu anawapita wote. Nyati dume, kilo 700 hivi, ni jambo jingine kabisa. Lakini mnyama wa bonde hili, anayelifanya liwe Kilombero na si bonde lingine lolote, ni sheshe, swala wa majimaji mwenye kilo 75 hivi akiwa dume, ambaye duniani ana ngome mbili kubwa: hapa, na Bonde la Luangwa kule Zambia. David Livingstone alipomwandika mwaka 1857 alimpa jina la kisayansi la rafiki yake mwindaji, Frank Vardon, kwa hiyo sheshe anatembea na jina la mtu wa bunduki hata pale ambapo hakuna anayemwinda.

Kwa mnyama wa kilo 75, ubishi wa O'Connor na Keith hauna kazi. Risasi ya 7x57 ya Mauser, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, inatosha. .308 ya mwaka 1952 inatosha. .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na ambayo imefika kila pembe ya Afrika Mashariki, inatosha na kubaki. Tuichukue hiyo. Kichwa chake cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Bunduki ikiwekwa shabaha ya mita 100, basi kwenye mita 200 kichwa hicho kitakuwa kimeshuka upana wa kiganja au zaidi kidogo. Mahali pa moyo na mapafu pa sheshe ni sentimita 15 hadi 20 hivi. Mwenye kujua bunduki yake atainua kidogo, na kwa umbali wa kadiri hesabu imekwisha. Upepo wa mchana unaovuka uwanda usio na mti una madhara zaidi kuliko tofauti iliyopo baina ya risasi hizo tatu. Pumzi nayo ina madhara zaidi ya upepo: mtu aliyetambaa kwenye jivu kwa nusu saa, kisha akainuka kwa goti moja, moyo wake unautikisa mtutu, na hakuna kiwanda kinachouza risasi ya kutuliza moyo.

Hapo ndipo risasi kubwa inapodanganya. Anayeogopa kukosea hudhani kipenyo kikubwa kitamsamehe. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa London mwaka 1912, hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na teke lake begani ni karibu mara mbili ya lile la .30-06. Bega huwa halisahau. Risasi ya tatu au ya nne ya mazoezi mtu anaanza kufumba macho kabla kidole hakijamaliza kuvuta, na kuanzia hapo shabaha inatangatanga. Sheshe aliyepigwa tumboni kwa .375 anakimbia vilevile kama aliyepigwa tumboni kwa risasi nusu yake. Anaingia kwenye matete, na matete ya Kilombero hayana mwisho wa karibu.

Hata hivyo nambari hiyo ya .375 ina nguvu ya sheria Tanzania. Ndiyo kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kwa wanyama hatari, nyati akiwemo. Kwa wanyama wa aina ya sheshe kanuni hukubali kipenyo kidogo zaidi. Mgeni akija kitaluni na .30-06 peke yake, hata awe na medali za shabaha, nyati hatampiga. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ya kizamani, na hoja yao kuu ina jina la mtu: W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi kwa 7x57 ile ndogo ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Kichwa chake kilikuwa chembamba, kirefu, kigumu kisichochanua, na urefu huo kwa wembamba huo ndio uliokipenyeza ndani kabisa bila kupinda. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alisogea karibu. Alitembea mno.

Anayemtaja Bell ili kuibeza .375 huwa anausahau ule msumeno. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya Bell. Imetungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyeshuka kwenye ndege juzi, ambaye nyati mzima amemwona kwa mara ya kwanza leo asubuhi, na mikono inamtetemeka. Ni kanuni inayomdhania mwindaji ubaya, na nadhani inafanya vyema.

Kuna jambo moja la Kilombero ambalo vitabu vya risasi hulipita haraka, nalo ni tope. Nyati wa bonde hili hugaagaa kwenye ufinyanzi mweusi, na ukikauka begani unakuwa ganda. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda kule British Columbia, Kanada, akamfyatulia muusi, mnyama mkubwa wa jamii ya elki, kwa .300 ya Holland & Holland, bunduki ambayo nguvu yake haina ubishi. Mnyama hakuanguka haraka. Ngozi yake ilikuwa imeganda tope, na vichwa vya risasi, ambavyo vilitengenezwa vichanue ndani ya nyama, vilikuwa vimechanua mapema mno na kusambaratika kabla ya kufika mahali penye uhai. Nosler alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na nusu ya nyuma iendelee na safari. Kiliingia sokoni mwaka 1948. Maendeleo makubwa ya risasi za kuwindia tangu wakati huo yamekuwa kwenye kichwa chenyewe zaidi kuliko kwenye kipenyo au baruti. Kwa hiyo mtu akiniambia amekuja na .375, bado sijajua amekuja na nini mpaka nijue kichwa kilichomo.

Bonde hili lilianza kuulizana juu ya risasi kabla ya watalii. Wandamba waliwinda humu kwa mikuki na mitumbwi, na umbali wa kadiri kwao ulikuwa umbali wa mkono. Desturi zao za uwindaji zilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1926 A. G. O. Hodgson aliziandikia makala nzima katika jarida la wanaanthropolojia la London. Kisha Wajerumani walikuja na Mauser ya mwaka 1871, ambayo maaskari wao wengi waliendelea kuibeba hata baada ya Ulaya kuiacha: kichwa cha madini ya risasi tupu, milimita 11, gramu 25, mwendo wa polepole wa mita 430 hivi kwa sekunde, na wingu la moshi mweupe kila inapofyatuliwa. Keith angeipenda. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, juu ya bonde hili, wakiwa wamepewa maji ya kuzigeuza risasi. Walikutana na bunduki za mtombo. Tangu siku ile, kwa watu wa huku, swali la risasi inafanya nini mwilini halijawa swali la kitabuni, na mimi huona aibu kidogo nikisikia likijadiliwa kwa wepesi wa watu wanaochagua kamera.

Swali ambalo mijadala hiyo haiulizi ni nani anayefuata damu.

Anayechagua risasi ni mteja, au mwindaji bingwa anayemwongoza. Anayeinama kutazama jani lenye tone, anayegusa tone hilo aone kama lina mapovu ya mapafu au uchafu wa tumbo, ni mfuatilia nyayo, mara nyingi mtu aliyezaliwa vijiji vya jirani, na nyuma yake yupo askari wa wanyamapori. Wao hawakuulizwa juu ya kipenyo. Kama ni sheshe, gharama yao ni jua na miiba mpaka jioni. Kama ni nyati aliyevunjwa bega moja na bado ana miguu mitatu ya kusimamia, gharama ni nyingine. Nyati aliyejeruhiwa huweza kuzunguka akaingia kwenye nyasi kando ya njia yake mwenyewe, akasubiri. Na kama hakupatikana siku hiyo, kesho atakutana na mwanamke anayekata kuni au mvuvi anayetoka kambini kwake mtoni, ambao hawana hata habari kwamba kuna mtu alifyatua.

Sheria inalijua hilo. Mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa ameuawa na ada yake hulipwa; mnyama hatari aliyejeruhiwa sharti afuatwe, na akipotea taarifa itolewe. Hii nadhani ndiyo kanuni ya maana kuliko ile ya kipenyo, kwa sababu inalitoza kosa pale linapotendeka. Lakini ada hulipwa serikalini. Haimrudishii mfuatilia nyayo siku yake, wala haimwambii yule wa kuni asipite.

Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, na bunduki aliyoitegemea ilikuwa Springfield ya .30-06. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1935, *Green Hills of Africa*, ameeleza jinsi alivyompiga palahala dume vibaya, jinsi M'Cola, mbeba bunduki wake, na wenzake walivyofuata nyayo kwa saa nyingi kwenye joto, na jinsi walivyomkosa. Sehemu hiyo ameiandika kwa uchungu wa kweli. Risasi ilikuwa ya kutosha kwa palahala wawili waliosimama sambamba. Aliyepungukiwa ni mpigaji, na msomaji anayakumbuka majuto yake vizuri sana. Ya M'Cola, aliyeinama mchana kutwa juu ya kosa la mtu mwingine, hayakuandikwa.

Sasa gobore. Huwezi kuzungumza juu ya risasi Ulanga au Malinyi ukaliacha. Hili halina risasi ya dukani: baruti inamiminwa mdomoni, inashindiliwa, kisha kinafuata chochote kigumu, mara nyingi kipande cha nondo, na fataki huwashwa kwa nyundo. Shabaha yake inafika mita 30, labda 40 kwa bahati. Mwenye gobore ana mpigo mmoja, na kujaza upya ni kazi ya dakika. Kwa hiyo anasogea karibu kuliko mtalii yeyote, anaujua upepo na tabia za mnyama kuliko wengi wenye darubini juu ya mtutu, na damu anaifuata mwenyewe. Ningependa kuishia hapo, hadithi ingekuwa nzuri. Lakini kipande cha nondo hakinyooki hewani, huingia kikipinda, na sheshe wengi waliopigwa hivyo huondoka nacho. Tena wengi wa wenye magobore hawana leseni ya bunduki wala ya mnyama. Kuna watu hupenda kumsifu mwindaji wa kijiji kwa kumlinganisha na mgeni. Sheshe angekuwa na sauti katika jambo hili, sidhani kama angemsifu yeyote kati yao.

Hata hivyo aliyempunguza sheshe zaidi ni mwenye jembe na mwenye ng'ombe, kuliko wote wawili. Bonde lilipoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, kama eneo oevu la umuhimu wa kimataifa, lilikuwa bado na makundi makubwa ambayo mzee yeyote wa Ifakara anaweza kukueleza. Mashamba ya mpunga yamesogea, mifugo ikaja kutoka mbali, ikaondolewa kwa operesheni mwaka 2012, na ubishi wa mipaka ukaendelea. Kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini sheshe anahesabiwa kuwa karibu na tishio. Mwindaji wa kitalu husema, na ana haki kiasi, kwamba pale ambapo ada ya uwindaji inalipwa kuna sababu ya kutolima. Hoja hiyo inasimama mradi hesabu ya madume wa kupigwa ifanywe na mtu asiyelipwa kwa kila dume.

Linabaki jambo la risasi yenyewe kama madini. Vichwa vingi vya kuwindia vina kiini cha risasi tupu, na kinapochanua humwaga chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, sentimita nyingi kutoka kwenye tundu. California ilipiga marufuku kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji mwaka 2019, baada ya tai wakubwa wa huko kufa kwa kula mabaki. Hapa mla mabaki si tai peke yake. Mgeni huondoka na pembe na ngozi. Nyama huliwa kambini na wafanyakazi, na nyingine hufika vijijini, ambako kitoweo hakikataliwi na watoto hawatengewi kipande kilicho mbali na tundu. Vipo vichwa vya shaba tupu visivyomwaga chembe hizo, na kwa umbali wa mita 200 vinaua sheshe, kuro na palahala bila kasoro. Bei yake imezidi kidogo. Kwa mtu aliyelipa maelfu ya dola ili afike bondeni, tofauti hiyo ni ndogo kuliko bakshishi atakayoiacha siku ya kuondoka. Akiandikiwa kabla ya safari kwamba .375 ni lazima kwa nyati, karatasi hiyohiyo ina nafasi ya mstari mmoja zaidi.